Kabla Barua ya Kuacha Kazi Haijaandikwa: Mwongozo kwa Waajiri na Maafisa Rasilimali Watu wa Dodoma

Mfanyakazi anayeleta barua ya kuacha kazi Jumatatu asubuhi hakuamua Jumapili usiku. Kwa kawaida safari yake ilianza miezi mingi nyuma. Kwanza alichoka, kisha akaanza kujiuliza kama kwingine kuna nafuu, akawadadisi aliosoma nao wanalipwaje, akaboresha wasifu wake, akatuma maombi mahali pawili patatu, akalinganisha. Mtafiti William Mobley aliichora njia hiyo mwaka 1977, na yeyote aliyewahi kukaa ofisi ya utumishi ataitambua. Nia ya kuondoka ni ile sehemu ya njia ambapo mtu bado yuko mezani pake na bado anasaini daftari la mahudhurio, lakini moyoni ameshaanza kufungasha. Ni katika kipindi hicho mwajiri bado ana la kufanya.

Nawaandikia maafisa rasilimali watu, wenye shule, waganga wafawidhi, mameneja wa hoteli na wa viwanda vya kukamua alizeti, hapa Dodoma na jirani zetu wa Singida. Kuna sababu ya kuusema mji kwa jina. Mwaka 1958 wataalamu wa uendeshaji wa taasisi, James March na Herbert Simon, walieleza kwamba uamuzi wa kuondoka hubebwa na maswali mawili: je, natamani kuondoka, na je, pa kwenda papo? Kwa miaka mingi waajiri wetu wengi walisalimika kwa sababu ya swali la pili. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini wizara ziliendelea kukaa Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na Aprili 26, 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Wizara zilipokuja, zilifuatwa na benki, mashirika, hoteli, shule binafsi na hospitali. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inakwenda Dar es Salaam na kurudi. Mhasibu wa hoteli pale Area C leo ana milango ya kubisha ambayo mtangulizi wake hakuwa nayo.

Kwa hiyo mwajiri aliyekuwa anabaki na watu kwa sababu tu hawakuwa na pa kwenda amepoteza kinga yake. Kilichobaki mkononi mwake ni taratibu zake mwenyewe: anavyoajiri, anavyolipa, anavyosimamia, anavyopandisha, anavyotoa ruhusa. Nyingi ya hizo zinarekebishika bila kusubiri bajeti kubwa, na ndizo tutakazozipitia.

Hatua ya 1: Hesabu walioondoka, lakini uwatenganishe

Toa mafaili ya miaka miwili iliyopita. Kwa kila aliyeondoka andika kada, kitengo, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuondoka, msimamizi wake wa mwisho na sababu iliyoandikwa kwenye barua. Kisha waondoe waliostaafu, waliofariki, walioachishwa, na wale ambao mkataba uliisha na wewe hukutaka kuuongeza. Wanaobaki kwenye orodha waliondoka kwa hiari yao.

Kupata kiwango, gawanya idadi yao ya mwaka kwa wastani wa wafanyakazi wa mwaka huo, kisha zidisha kwa 100. Tuseme shule ilikuwa na wafanyakazi 76 Januari na 84 Desemba. Wastani ni 80. Kama 12 waliondoka kwa hiari, kiwango ni 15%. Wengi huishia hapo, wanapeleka asilimia kwenye kikao cha bodi na kurudi. Usiishie hapo. Wapange hao 12 kwa muda waliokaa. Kama 8 waliondoka kabla ya kutimiza mwaka, tatizo liko mlangoni: mliyowaahidi kwenye usaili hayakufanana na waliyoyakuta. Kama 8 walikuwa na miaka minne au mitano, angalia upandaji wa vyeo na mishahara. Na kama 8 walikuwa chini ya msimamizi mmoja, hapo hakuna haja ya takwimu nyingine.

Kwenye halmashauri picha ni tofauti kidogo. Mtumishi wa umma haachi ajira kirahisi, hivyo nia yake utaiona kwenye maombi ya uhamisho, likizo bila malipo, kuomba kuazimwa, au ruhusa ya masomo inayoombwa na mtu ambaye hajali anakwenda kusoma nini. Afisa utumishi wa Bahi, Chamwino, Mpwapwa au Kondoa ahesabu maombi ya uhamisho kituo kwa kituo. Zahanati ambayo kila muuguzi anayepangiwa anaomba kutoka ndani ya mwaka ina jambo: nyumba, maji, mkuu wa kituo, au vyote vitatu.

Hatua ya 2: Pima nia ya waliobaki

Takwimu za walioondoka zinakuonyesha jana. Ili uijue kesho, waulize waliopo, kwa dodoso lisilozidi ukurasa mmoja. Wape sentensi na wachague kuanzia 1, yaani "sikubaliani kabisa", hadi 5, "nakubaliana kabisa". Sentensi tatu zinatosha kupima nia:

"Mara kwa mara nafikiria kuacha kazi hapa."
"Ndani ya miezi 12 ijayo nitatafuta kazi mahali pengine."
"Nikipata kazi nyingine kwa mshahara huu huu, nitaondoka."

Hiyo ya tatu msiiache. Mtu anayekubali kuondoka kwa mshahara uleule anakuambia kwamba kinachomsukuma si fedha peke yake, na anakunyima kisingizio cha kusema "hatuna bajeti".

Kisha ongeza sentensi za taratibu zenu: stahiki zangu hulipwa kwa wakati, naelewa kwa nini nalipwa kiasi hiki, msimamizi wangu ananitendea haki, najua nifanye nini ili nipande cheo, kazi ninayopewa inamalizika ndani ya saa za kazi, ninapopata shida ya kifamilia nasikilizwa. Madodoso yakirudi, yagawe mafungu mawili kwa kufuata wastani wa zile sentensi tatu za nia: wenye nia kubwa na wenye nia ndogo. Tafuta wastani wa kila sentensi ya utaratibu kwa kila fungu. Pale ambapo mafungu mawili yanaachana zaidi ndipo pa kuanzia. Kama wote, wanaotaka kuondoka na wanaotaka kubaki, wanalalamikia chakula cha mchana kwa kiwango kilekile, basi chakula ni kero ya kweli lakini siyo kinachowafukuza. Tofauti hiyo ndiyo inayookoa fedha za taasisi, kwa sababu kero inayosemwa sana vikaoni mara nyingi siyo inayoondoa watu.

Usiri ni jambo la kufa na kupona hapa. Tumia karatasi na sanduku lenye kufuli, majibu ya kuweka alama tu ili mwandiko usimtambulishe mtu, na usitoe matokeo ya kitengo chenye watu chini ya watano. Usitume dodoso kwenye kundi la WhatsApp la kazini, wala fomu ya mtandaoni inayonasa namba ya simu au barua pepe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria kuna uaminifu: mtu mmoja akiitwa ofisini kuulizwa "hivi ni wewe uliyeandika hivi?", hutapata jibu la kweli tena kwa miaka. Na liandikwe kwa Kiswahili hata kama ofisi yenu inaandika barua kwa Kiingereza. Walinzi, wapishi na wahudumu wa usafi nao wanaondoka, na wakiondoka kazi inasimama.

Hatua ya 3: Kaa na watu, mmoja mmoja

Namba zitakuonyesha mahali. Maneno ya watu yatakuonyesha sababu. Kila mwaka chagua wale ambao kuondoka kwao kutawaumiza zaidi, ukae na kila mmoja nusu saa. Haya ni mazungumzo ya kubaki, yasichanganywe na tathmini ya utendaji. Usishike fomu. Usikae nyuma ya meza kubwa. Kama uliye naye ni mtu mzima kukuzidi, amkia kama unavyomwamkia mzazi, kwa sababu hatakufungulia moyo kijana aliyeingia na kalamu mkononi.

Swali linalofungua ni hili: "Mama, mara ya mwisho ulipofikiria kuondoka hapa, kulitokea nini siku hiyo?" Usiulize kama amewahi kufikiria. Uliza lini. Watafiti Thomas Lee na Terence Mitchell walionyesha mwaka 1994 kwamba wengi hawaondoki kwa sababu ya manung'uniko ya taratibu tu. Kuna tukio linalowashtua na kuwafanya wapige hesabu upya. Hapa kwetu matukio hayo yanajulikana: kunyimwa ruhusa ya msiba, kufokewa mbele ya mteja, kijana uliyemfundisha kazi kupandishwa kuwa bosi wako, mwenza kuhamishiwa mkoa mwingine, mtoto kufaulu kwenda shule ya mbali.

Watu wa huku ni wapole wa kusema. Wengi watakujibu, "Tunashukuru, hali si mbaya." Usiandike "hana tatizo". Kaa kidogo, uliza kuhusu kazi yenyewe, uliza angebadilisha nini kama angekuwa mkuu wa kitengo kwa mwezi mmoja. Mfanyakazi aliyekuwa analalamika na sasa amenyamaza, anayetoka saa kumi kamili na hachangii tena kikaoni, ndiye wa kumfuata kwanza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hatua ya 4: Mshahara, kwa mpangilio huu: siku, haki, kisha kiasi

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo waajiri wanapokata tamaa mapema. Wanasikia "mshahara" wanafikiri kuongeza, na kwa kuwa hawawezi kuongeza, wanaacha. Malipo yana sura tatu, na mbili za kwanza ziko ndani ya uwezo wenu.

Siku. Mshahara wa laki nne unaoingia tarehe 28 kila mwezi unamfunga mtu kwenu kuliko wa laki tano unaoingia tarehe 3, kisha tarehe 11, kisha "tuvumiliane". Mwalimu wa shule binafsi pale Nkuhungu ambaye mshahara umechelewa wiki mbili anadaiwa kodi, anadaiwa ada, na mara nyingi ameshaingia kwenye mikopo ya kausha damu kuziba pengo. Riba anayolipa inakula mshahara ujao. Baada ya miezi sita ya namna hiyo anaondoka hata kwa kazi yenye cheo kidogo, ili mradi siku ya malipo ijulikane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa, ukiambatana na maelezo ya maandishi yanayoonyesha makato. Kama fedha zimekwama kweli, sema mapema, taja tarehe, na uitimize. Kama ada za wanafunzi zinaingia kwa msimu, weka akiba ya mishahara ya angalau mwezi mmoja kwenye akaunti isiyoguswa.

Makato nayo ni sehemu ya siku. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 20% ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10%. Siku hizi mtu anaangalia michango yake kwenye simu. Akikuta umemkata na hujapeleka, umepoteza imani ambayo nyongeza ya mshahara hairudishi. Kumkata mtu kwa ajili ya sahani iliyovunjika au mali iliyopotea kuna masharti: apewe nafasi ya kujieleza, na makato hayo yasizidi robo ya malipo yake. Hoteli nyingi zinakosea hapa, na wahudumu wazuri ndio wa kwanza kuondoka.

Haki. Watu hulinganisha. Wahasibu wawili wenye kazi moja, mmoja analipwa zaidi kwa kuwa aliletwa na mtu, kila mmoja kwenye jengo anajua. Undugunaizesheni haihitaji ushahidi kufanya kazi yake; tetesi inatosha. Dawa yake ni ngazi za mishahara zilizoandikwa: kada fulani inaanzia hapa na kuishia pale, na mtu hupanda kwa sababu hizi. Waonyeshe wafanyakazi ngazi hizo. Anayekaimu nafasi apewe barua na posho ya kukaimu, na ukaimu uwe na mwisho. Sijaona taratibu nyingi zinazochosha watu wenye uwezo kuliko kukaimu bila mwisho.

Kazi ya ziada pia ni haki. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki, kazi ya ziada isiyozidi saa 50 katika kila wiki nne, ikilipwa mara moja na nusu. Wakati wa vikao vya Bunge hoteli zetu zinajaa na mhudumu anafanya kazi saa 12. Kama saa hizo haziandikwi, anaziandika yeye kichwani.

Kiasi. Siku ya Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Kwa sekta binafsi, wastani wa kima cha chini ulipandishwa kuanzia Januari 1, 2026, kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, kila sekta ikiwa na kiwango chake kwenye amri ya mishahara. Kutekeleza ni lazima, lakini wengi wanapotekeleza wanasahau walio juu kidogo ya kima cha chini. Mlinzi mpya anapandishwa hadi kumkaribia mlinzi mwenye miaka saba, na yule wa miaka saba hapati kitu. Hajapunguziwa shilingi, lakini amevuliwa heshima ya miaka yake. Kila mnapopandisha chini, pandisheni na ngazi mbili tatu za juu yake, hata kwa kiasi kidogo, ili tofauti ya uzoefu ibaki ikionekana.

Hatua ya 5: Wasimamizi

Watu wengi wanaoacha kazi wangeweza kuvumilia taasisi. Walichoshindwa ni mtu mmoja ndani yake. Tatizo kubwa ni namna tunavyowapata wasimamizi: muuguzi hodari anafanywa muuguzi kiongozi, fundi mzuri anafanywa mkuu wa karakana, bila siku moja ya kufundishwa namna ya kupanga zamu kwa haki, kukosoa bila kudhalilisha, au kusikiliza lalamiko bila kulipeleka baa jioni. Kabla ya kumpa mtu watu, mfundishe mambo hayo matatu. Na kwenye tathmini yake ya mwaka, weka idadi ya walioondoka chini yake kwa hiari. Akijua inahesabiwa, ataanza kuwajua watu wake.

Angalia zaidi anavyotoa ruhusa. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi siku 84 na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hizo zimeandikwa, mpe mtu bila kumfanya ajione anaomba hisani. Penye mtihani wa kweli ni msiba. Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa kufiwa na watu wa karibu kabisa: mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Lakini baba mdogo aliyemlipia mtu ada hayumo kwenye orodha hiyo, wala shangazi aliyemlea. Na anayekwenda kuzika Kagera au Songea anamaliza siku nyingi njiani. Mwajiri mwenye hekima anaandika kwenye kanuni zake siku za safari, na anaruhusu ndugu wa malezi. Gharama ni ndogo mno ukilinganisha na kumpoteza mtu aliyeambiwa, "Huyo si baba yako mzazi."

Hatua ya 6: Kupanda na kusoma

Kama hamna vyeo vya kutosha, na taasisi ndogo hazina, tengenezeni ngazi ndani ya kazi ileile: mwalimu, mwalimu mwandamizi, mwalimu mkufunzi wa wengine, kila ngazi na nyongeza yake na masharti yake. Mtu anataka kuona anaelekea wapi.

Kuhusu masomo, hofu ya waajiri ni kwamba ukimsomesha anaondoka. Wapo wanaoondoka. Lakini Dodoma imejaa vyuo, na mfanyakazi anayetaka kusoma atasoma jioni kwa fedha zake hata ukimkatalia, kisha ataondoka bila deni lolote kwako. Msomesheni kwa mkataba wa maandishi: taasisi inalipa kiasi fulani, yeye anatumikia miaka kadhaa, akiondoka mapema anarudisha sehemu inayopungua kila mwaka. Kisha, na hapa wengi hushindwa, mwandalieni kazi inayolingana na alichosoma. Aliyerudi na shahada akakuta meza ileile na mshahara uleule ameshaoneshwa mlango.

Hatua ya 7: Ajira za serikali na mikataba mifupi

Kila Sekretarieti ya Ajira inapotangaza nafasi za walimu au kada za afya, shule na hospitali binafsi zinatetemeka. Msiwalaumu vijana. Wanachokifuata ni uhakika: ajira ya kudumu, mafao, mkopo wa benki kwa dhamana ya mshahara. Sehemu ya uhakika huo mnaweza kuutoa. Badilisheni mikataba ya mwaka mmoja mmoja inayosainiwa upya kila Desemba kwa wasiwasi. Mtu mwenye mkataba unaoisha baada ya wiki sita yuko kazini kwenu na sokoni kwa wakati mmoja. Mwambieni miezi mitatu kabla kama mtaendelea naye. Tena kumwacha ghafla mtu aliyekuwa na sababu ya msingi ya kutegemea kuongezewa mkataba kunaweza kuwafikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msimalize kipindi cha majaribio kwa kimya. Mthibitisheni kwa barua.

Wengine wataondoka hata hivyo. Kwa hao, wekeni makubaliano ya heshima: asiondoke katikati ya muhula bila kukabidhi, na nyinyi msimcheleweshee barua za utambulisho. Mlango ukibaki wazi, wengine hurudi.

Hatua ya 8: Maisha nje ya geti

Mwaka 2001 Terence Mitchell na wenzake walihoji kwa nini watu wanabaki, wakakuta mambo matatu: uhusiano walio nao na watu, kufaana kwao na kazi na mahali, na kile ambacho wangekipoteza wakiondoka. Kwa Dodoma hili lina uzito wa pekee, kwa sababu watu wengi wamehamia huku kwa kazi huku familia zao zikibaki Dar es Salaam. Kila Ijumaa jioni mwili unakwenda kituo cha treni, na nia inakwenda nao.

Kwa hiyo msaidie mtu kushika mizizi. Anayehamia apewe mwenyeji wa kumwonyesha nyumba ya kupanga, shule, kanisa au msikiti wake. Taasisi iliyo Ihumwa au Mtumba, kilomita nyingi kutoka mjini, ifikirie basi la wafanyakazi kabla ya kufikiria posho nyingine. SACCOS ya kazini, yaani chama cha akiba na mikopo, inayotoa mkopo wa kiwanja Iyumbu au Nala ina nguvu kuliko hotuba yoyote ya bodi. Na kwa watumishi wa umma, maombi ya kumfuata mwenza yashughulikiwe haraka: kumng'ang'ania mtu ambaye familia yake iko mbali ni kumlipa mshahara kwa kazi ya nusu moyo. Hapohapo niseme wazi: deni si mzizi. Mtu aliyebaki kwa sababu mshahara wake wote umeshikwa na mkopo hajabaki kwa ajili yenu.

Hatua ya 9: Barua ikifika

Usikasirike, na usimwite msaliti mbele ya wenzake. Wanaobaki wanatazama. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, na muda wa notisi hauchanganywi na likizo. Fanya naye mazungumzo ya kuondoka, lakini siyo siku ya barua wala na msimamizi wake. Mpe mtu wa kitengo kingine, wiki ya mwisho, baada ya stahiki zake kuwa tayari ili asiogope kusema. Lipa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua, mpe cheti cha utumishi. Kama anasema aliondoka kwa kuwa kazi haivumiliki kwa sababu ya matendo ya mwajiri, lichukulieni kwa uzito: sheria inaweza kuhesabu kuondoka huko kuwa ni kuachishwa.

Kumwongezea mshahara ili abadili nia kunafaa mara chache sana. Kunamtatulia yeye kwa muda na kuwafundisha wengine kwamba njia ya kuongezwa ni kuandika barua.

Hatua ya 10: Chagua mawili, rudi baada ya miezi sita

Usirekebishe kila kitu. Kutoka hatua ya 2 na ya 3 chagua taratibu mbili zenye pengo kubwa zaidi, andika nani anawajibika na lini itakuwa tayari. Wafanyakazi waambiwe mlichokisikia, mtakachofanya, na lile ambalo hamtaweza mwaka huu. Hilo la mwisho mkilisahau, ni kwa hatari yenu: watu huvumilia "hatuwezi" iliyosemwa waziwazi, lakini dodoso lililojazwa na kupotelea kabatini huongeza nia ya kuondoka kuliko kama msingeuliza kabisa.

Baada ya miezi sita rudia zile sentensi tatu za nia, kwa karatasi ileile na sanduku lilelile. Kama wastani haujashuka kwenye kitengo fulani wakati kwingine umeshuka, rudi kwenye orodha ya hatua ya 1, tafuta jina la msimamizi wa kitengo hicho, na uanze kwake.